Kabla ya slaidi ya kwanza, andika azimio

Meneja akiambiwa ajiandae kuwasilisha taarifa ya robo mwaka mbele ya bodi, mara nyingi anafungua faili la robo iliyopita, anafuta "Aprili–Juni", anaandika "Julai–Septemba", halafu anaanza kujaza takwimu. Matokeo yake tunayajua: slaidi 27 za kusemwa kwa dakika 15, na mwishoni Mwenyekiti anasema, "Tumeipokea taarifa, tuendelee na ajenda inayofuata." Kupokelewa si kuridhiwa. Fedha hukupata, na tatizo unarudi nalo ofisini kama ulivyokwenda nalo.

Anzia upande wa pili. Kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi ambayo ungependa Katibu aiandike kwenye muhtasari wa kikao. Iandike kwa lugha ya muhtasari hasa, ikiwa na kiasi, kasma (fungu la bajeti) na tarehe. Tuchukue mfano wa idara ya usambazaji yenye magari 6. Sentensi yake inaweza kuwa hivi:

"Kikao kimeridhia Idara ya Usambazaji itumie Sh 18,600,000 kutoka kasma ya matengenezo kununua giaboksi 2 na klachi 4 za akiba kabla ya tarehe 30 Novemba."

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, basi huna la kuwasilisha. Una taarifa ya kusomwa tu, na taarifa ya kusomwa mahali pake ni kwenye kabrasha la karatasi za kikao, si kwenye ukuta. Mwambie Katibu aiweke humo, uombe dakika 3 za kujibu maswali. Wajumbe watakushukuru.

Ukiwa nayo, kila slaidi ipimwe kwa sentensi hiyo: je, mjumbe akiikosa slaidi hii atashindwa kuridhia? Kama hatashindwa, ipeleke kwenye viambatisho. Slaidi ya "Dira na Dhima" huanguka hapo hapo. Ya muundo wa idara pia. Kwa ombi kama hili slaidi 5 zinatosha: ombi lenyewe, matokeo dhidi ya lengo, sababu, njia zilizopo, kisha ombi tena likiwa na jina la mhusika na tarehe. Ombi linakaa mwanzoni makusudi. Wajumbe wakijua tangu dakika ya kwanza kwamba unaomba milioni 18.6, kila utakachosema baadaye watakisikiliza wakipima. Ukiliacha hadi mwisho, watatumia dakika kumi kujiuliza unaelekea wapi, na ukifika tayari wanatazama saa.

Slaidi ya sababu

Hapa ndipo taarifa nyingi zinapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Idara yetu ilikuwa na lengo la safari 1,800 kwa robo. Ilifanya 1,512, yaani asilimia 84. Pengo ni safari 288. Meneja anaandika: "Changamoto: uchakavu wa magari na upungufu wa vipuri." Kichwa cha slaidi: "Changamoto". Chini yake vidoto saba.

Neno "changamoto" lina kazi moja kwenye taarifa zetu, kuficha ukubwa wa jambo. Gari lililosimama siku moja ni changamoto, na gari lililosimama mwezi mzima ni changamoto. Lifute kila unapolikuta, uandike kilichotokea: magari 2 kati ya 6 yalisimama jumla ya siku 48 yakisubiri giaboksi. Wenzake wa karibu ni "mchakato unaendelea" na "jitihada zinafanyika". Nayo yafute, uandike nani anafanya nini na atamaliza lini.

Sasa hesabu. Magari 6 kwa siku 75 za kazi ni siku 450 za gari. Safari 1,800 ukizigawa kwa 450, kila gari lilitegemewa kufanya safari 4 kwa siku. Siku 48 zilizopotea ni safari 192. Lakini pengo lako ni 288. Zimebaki safari 96 ambazo giaboksi haihusiki nazo hata kidogo.

Kwenye kila bodi kuna mjumbe mmoja, aghalabu mhasibu mstaafu, mwenye kikokotoo kwenye simu. Atalipata pengo hilo la 96 kabla hujafika slaidi ya nne, na kuanzia hapo hakuna atakayeamini zile 192 pia, ingawa ni za kweli. Kwa hiyo zitafute mwenyewe kwanza. Tuseme ukikagua daftari la ghala unakuta mizigo ilichelewa kufungashwa asubuhi, magari yakatoka saa nne badala ya saa mbili, na safari ya nne ya siku ikawa haiwezekani. Basi iseme: safari 192 ni za magari kusimama, 96 ni za mizigo kuchelewa kutoka ghalani. Ombi la leo linatibu zile 192. Zile 96 mnazimaliza na Meneja wa Ghala bila kuomba fedha. Kisha umpigie Meneja wa Ghala kabla ya kikao. Asikutane na jina la idara yake ukutani.

Kichwa cha slaidi hiyo kisiwe neno moja. Kiwe sentensi yenye kitenzi na namba: "Magari 2 yaliyosimama siku 48 yametugharimu safari 192." Mjumbe aliyetoka kupokea simu akirudi, anasoma kichwa tu na yuko nanyi. Jipime hivi: soma vichwa vyote vitano mfululizo bila kufungua chochote kingine. Kama hoja haijasimama kwa vichwa peke yake, haitasimama kwa vidoto.

Upande wa faida nao uende kwa uaminifu uleule. Kama kila safari inaacha Sh 45,000 baada ya gharama, safari 192 ni Sh 8,640,000 kwa robo, na Sh 18,600,000 zitarudi kwa robo mbili na kidogo. Hiyo ni kweli iwapo magari yangeendelea kuharibika kwa kiwango kilekile. Litaje sharti hilo mwenyewe. Sharti likitajwa na mwasilishaji ni umakini. Likitajwa na mjumbe ni dosari.

Namba ukutani na namba mdomoni

Sh 1,234,567,890 kwenye jedwali ni sawa. Kuitamka ni kazi nyingine: bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, laki tano na elfu sitini na saba, mia nane na tisini. Ukimaliza, hakuna anayekumbuka ilianzaje. Ukutani andika bilioni 1.23, mdomoni sema "bilioni moja na robo hivi," na namba kamili iache kwenye kabrasha kwa wanaoihitaji. Ila kiasi unachoomba usikizungushe. Hicho kitamke chote, polepole, mara mbili.

Asilimia zina mtego wake. Makusanyo yakipanda kutoka asilimia 60 hadi 66 ya lengo, mmoja atasema yamepanda kwa asilimia 6, mwingine kwa asilimia 10, na wote wana hoja: ni pointi 6, na hizo 6 ni sehemu ya kumi ya 60. Usiingie kwenye ubishi huo. Sema "kutoka 60 hadi 66."

Halafu kuna ule ugomvi wa kila robo kati ya idara na fedha. Wewe unasema umetumia asilimia 61 ya bajeti, Mkurugenzi wa Fedha anasema 48, na bodi inawatazama kama watoto waliovunja kikombe. Mara nyingi hakuna anayedanganya: umehesabu LPO (hati za kuagiza bidhaa) zilizotolewa, yeye amehesabu malipo yaliyofanyika. Au umefunga hesabu tarehe 30, yeye alifunga tarehe 25. Kaa naye siku mbili tatu kabla, mkubaliane namba moja, kisha chini ya kila jedwali andika "Malipo yaliyofanyika hadi 30 Septemba". Mstari mmoja tu, unaokoa dakika kumi za mabishano.

Lugha mbili kwa mara moja

Ofisi nyingi za Tanzania zina desturi ya slaidi za Kiingereza na maelezo ya Kiswahili. Msikilizaji anasoma lugha moja huku anasikia nyingine, na mwasilishaji anageuka mkalimani wa slaidi zake mwenyewe: anageukia ukuta, anasoma, anatafsiri, anahamia mstari unaofuata. Muda unakwenda mara mbili.

Kama taasisi haikulazimishi, slaidi ziwe za Kiswahili. Maneno yapo na yanatumika kila siku: kasma, ukwasi, mikopo chechefu, marejesho, bakaa, wazabuni, matumizi mengineyo. Kama Kiingereza ni lazima kwa sababu kuna mjumbe au mfadhili asiyejua Kiswahili, punguza maneno ukutani hadi zibaki namba, majina na chati, ili ubongo wa msikilizaji usishindanishwe. Na saa zitaje kwa uangalifu panapokuwa na wageni. "Saa tatu" ya mwenyeji na ya mgeni zimeachana kwa saa sita, na gari la mgeni huja kwa saa yake.

Kinachoharibika ukumbini

Maandishi madogo kwanza. Kipimo chake ni rahisi. Kioo cha laptop ya inchi 14 kina upana wa kama sentimita 31. Picha ya projekta yenye upana wa mita 2 ni kubwa mara sita na nusu hivi. Mjumbe aliyekaa mita 10 kutoka ukutani anaona kile unachokiona ukiwa mita moja na nusu kutoka kwenye laptop yako. Rudi nyuma umbali huo, usome. Usichokiona wewe, na mzee wa miwani hakioni. Kwa kawaida maandishi chini ya saizi 24 hayavuki mtihani huu, na jedwali la safu tisa lililobandikwa kutoka Excel halivuki kamwe. Bakiza safu nne: lengo, halisi, tofauti, sababu.

Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa na mapazia mepesi. Saa nne asubuhi rangi ya njano na kijani cha mpauko hupotea kabisa ukutani, na slaidi yenye usuli mweusi inageuka kioo cha kujitazamia. Maandishi meusi juu ya nyeupe, rangi moja ya kukazia, basi.

Chati ukiileta kutoka Excel, ibandike kama picha. Ukiipachika pamoja na faili lake, faili zima linasafiri ndani ya slaidi, pamoja na kurasa ambazo hazionekani. Ukikuta huko ndani kuna ukurasa wa mishahara na faili limeshatumwa kwa wajumbe kumi na mmoja, hakuna njia ya kulirudisha. Maelezo ya mzungumzaji yaliyo chini ya slaidi nayo husafiri vilevile, kwa hiyo kile ulichojiandikia kuhusu mjumbe fulani kifute. Kinachotumwa kwa watu kiwe PDF isiyo na maelezo hayo. PDF pia inakulinda na kompyuta ya ukumbini isiyo na fonti zako, ambapo mistari huvunjika na namba kushuka chini ya jedwali.

Fika dakika 30 kabla. Beba adapta yako ya HDMI, na ya VGA kama projekta ni ya zamani. Picha isipotokea, bonyeza Windows na P, uchague kurudufu (Duplicate). Funga WhatsApp kwenye kompyuta; ujumbe wa kikundi cha harusi ukijitokeza katikati ya mizania, kikao kitacheka na wewe utasahau ulipofikia. Jua vitufe vitatu: F5 inaanzisha, B inazima picha ili watu wakutazame wewe, na namba ya slaidi ikifuatiwa na Enter inakupeleka kwenye slaidi hiyo moja kwa moja bila kurudi nyuma moja moja mbele ya watu.

Umeme ukikatika, laptop itabaki hai na projekta itakufa, na projekta ya taa mara nyingi haiwaki hadi ipoe hata umeme ukirudi baada ya dakika moja. Ndiyo maana unabeba karatasi moja ya A4 yenye ombi, namba nne na chati moja, nakala za kutosha wajumbe wote na tatu za ziada. Endelea kuzungumza. Wajumbe huwa wasikivu zaidi gizani, kwa kweli.

Kama wapo wanaoshiriki kwa mtandao, taja namba ya slaidi kila unapobadilisha, maana wengi wanakufuata kwa simu wakiwa na PDF. Na kama kikao kinaendeshwa kwa Zoom ya bure, kinakatika dakika ya 40. Ajenda yako ikiwa ya pili, fanya hesabu hiyo mapema.

Dakika 15 ambazo si 15

Ukipewa dakika 15, andaa maneno ya dakika 9. Zilizobaki ni za maswali na za itifaki. Itifaki inakula muda kuliko watu wanavyokiri: ukimtambua Mwenyekiti, Makamu, Katibu, wajumbe mmoja mmoja kwa vyeo, na wageni waalikwa, umemaliza dakika 3. "Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa" inatosha, na hakuna aliyewahi kunyimwa bajeti kwa kuitumia. Ila msemaji wa kwanza wa siku afuate taratibu za kikao. Hapo kufupisha ni utovu wa adabu.

Andaa pia toleo la dakika 5. Ajenda zikichelewa, na huchelewa, Mwenyekiti atakuambia "jitahidi ufupishe" ukiwa umesimama tayari. Asiyejiandaa huanza kusoma slaidi zilezile kwa kasi ya mnadani. Wewe ruka hadi 1, 3 na 5, kaa.

Mazoezi: mara tatu kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mezani. Kusoma kimoyomoyo hakuhesabiki, huwa kunakimbia. Mara ya pili mwite mtu wa idara nyingine, na ukimaliza mwulize swali moja tu: "Nimeomba nini?" Asipotaja kiasi na kazi yake, rudi kwenye slaidi ya kwanza. Mara ya tatu jirekodi kwa simu uhesabu "yaani", "kwa hiyo" na "ni kwamba". Dawa yake ni kunyamaza mahali lilipotaka kutoka neno hilo.

Maswali kwa mafungu

Vikao vyetu vingi havijibu swali moja moja. Mwenyekiti hukusanya matano au sita ndipo anakupa nafasi. Anayetegemea kumbukumbu hujibu la mwisho vizuri, la kwanza nusu, na la tatu analisahau, kumbe la tatu lilikuwa la mjumbe mwenye sauti. Kuwa na karatasi yenye safu tatu: nani, neno moja la swali, jibu kwa namba. Wakati wengine wanauliza, wewe unajaza. Ukisimama, unganisha yanayofanana kwa kutaja wote walioyauliza, anza na yale ya jibu la mstari mmoja, na lile zito liwe la mwisho ili lipate muda wake.

Kuna maswali ambayo ni manung'uniko ya jambo jingine. Mjumbe anauliza kwa nini magari hayaoshwi. Jibu kwa sentensi moja, kwa heshima, kisha rudi kwenye ombi. Ukijitetea kwa dakika 4, ajenda yako imekuwa ya kuosha magari.

Takwimu usiyokuwa nayo usiibuni. Sema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, takwimu hiyo sinayo hapa, itamfikia Katibu kabla ya saa kumi jioni Jumatano." Siku na saa, siyo "nitafuatilia". Na Jumatano iwe imefika.

Maswali yakiisha, usimalizie na slaidi ya "Asanteni kwa kunisikiliza". Rudisha ile ya tano, iache ukutani, na umwombe Mwenyekiti kikao kiamue. Sikiliza maneno yanayotumika. "Kikao kimeshauri idara iendelee kuliangalia suala hili" hakina hata shilingi ndani yake. Ukisikia hivyo, omba kwa unyenyekevu ufafanuzi hapo hapo: je, Mwenyekiti, ni ridhaa, au turudi na nyongeza ipi? Afadhali uambiwe "rudini na ankara kifani 3" (proforma, yaani bei za wauzaji kabla ya kununua) kuliko kutoka na ushauri.

Kesho yake pita kwa Katibu, mwombe akusomee ibara yako kabla muhtasari haujasambazwa. Siyo kubadilisha uamuzi. Ni kuangalia kama kiasi ni 18,600,000 na siyo 16,800,000, kama kasma imetajwa, na kama tarehe ipo. Kikao kijacho mstari huo utatokea kwenye jedwali la yatokanayo na kikao kilichopita, ukiwa na jina lako kwenye safu ya mhusika, na utasomwa kabla ya slaidi yako yoyote kuonekana.